Mteja wa Kampala aliniuliza "lead time" yetu, nikamjibu habari za risasi

Wakuu, salamu kutoka Karuba, milima ya Masisi. Ninachoandika kimetupata sisi wenyewe, sijatia chumvi.

Huku tunafuga ng'ombe na kutengeneza jibini, sisi tunaiita fromage. Kikundi chetu kinaongozwa na Papa Bahati. Mimi ndiye dada mwenye simu nzuri, basi nikapewa kazi ya kuandikiana na wateja. Shule nimesoma kwa Kifaransa. Kiingereza changu ni cha kuokoteza.

Wanunuzi wa Goma walikuwa wamepungua. Maziwa yakawa yanaharibika, na baadhi ya wenzetu wakaanza kuongea habari ya kuuza ng'ombe.

Ndipo mama mmoja mwenye duka Kampala akaonja fromage yetu kwenye harusi, akaipenda, akatafuta namba yangu.

Message yake ilikuwa fupi: "Please tell me your lead time."

Please naijua. Time naijua. Hiyo lead nikaitafuta kwenye kamusi ya simu.

Ikaniletea: risasi. Basi anauliza muda wa risasi.

Kwingine mtu angecheka. Huku kwetu, kwenye vita, swali la namna hiyo halina ajabu.

Nikamfuata Papa Bahati kwenye kibanda, alikuwa anageuza fromage juu ya mbao.

"Papa, yule mama wa Kampala anauliza masasi inalia saa gani."

Hakushangaa. Akafuta mikono.

"Iko na haki ya kuuliza. Wewe unaweza kuagiza kitu kutoka fasi haujue kama bantu iko salama? Umuambie ya kweli."

Nikaandika kwa Kiingereza changu kwamba kwa sasa kumetulia. Kwamba ikianza tunaisikia kutoka mbali, tunachukua watoto, kisha ng'ombe, fromage inabaki.

Nikatuma.

Kimya. Kesho yake kimya. Papa Bahati alikuwa anapita, ananiangalia. Nikajua tumempoteza.

Kisha mama akapiga simu mwenyewe, kwa Kiswahili cha kuvunjika.

"Dada, nimesoma message yako. Pole sana. Lakini mimi niliuliza kitu ingine. Nikitoa order leo, cheese inafika kwangu kisha muda gani? Hiyo ndiyo lead time."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Kumbe hiyo lead haihusiani kabisa na risasi, zinafanana tu kwa kuandika.

Papa Bahati alikuwa amesimama karibu, akaninong'oneza, "Sema wiki moja, asitukimbie."

Nikaziba simu kwa mkono, nikahesabu. Maziwa yakusanywe, fromage ipumzike kwenye mbao, ishuke kwa moto, yaani pikipiki, mpaka mjini Sake kwenye tope, ifike Goma, ivuke mpaka.

"Papa, tukisema wiki moja na mvua hii, njo atatukimbia kabisa."

Akaitika kwa kichwa.

Nikamwambia yule mama: wiki tatu kiangazi, wiki nne wakati wa mvua.

"Wiki nne naweza kupanga," akasema. "Kungoja bila kujua ndiyo siwezi."

Akaagiza.

Mzigo wa kwanza ukiwa tayari, mlima ukaporomoka ukafunga barabara. Papa Bahati alitaka tunyamaze mpaka ifunguliwe. Mimi nikaandika asubuhi ileile kwamba lead time imebadilika, barabara imefungwa, atuongezee wiki moja. Akajibu, "Thank you for telling me early."

Fromage ilifika. Akatutumia picha ikiwa dukani kwake. Papa Bahati aliomba simu yangu Jumapili akaizungusha kanisani, kila mtu aone. Tangu hapo sijasikia mtu akitaja kuuza ng'ombe.

Nilichojifunza: lead time ni ahadi. Usiifupishe ili upendwe. Ikibadilika, sema kabla mteja hajauliza. Na neno usilolijua, muulize aliyelisema, usikimbilie kamusi.

Hilo la mwisho bado linanisumbua, maana jana yule mama ameandika tena: "What is the shelf life?"

Shelf ni rafu. Life ni maisha.

Naona aibu kumuuliza tena. Wafanyabiashara mliomo humu, nielezeni kabla sijampelekea Papa Bahati swali la maisha ya rafu.