Sanduku Lililokikuza Kimya

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Iringa, niliunguruma. Si mimi hasa, ni honi zilizokuwa juu ya gari, lakini mkono ulikuwa wangu. Nilitoka kwenye redio kwenda kwenye santuri bila kupunguza sauti kwanza, na muziki ukatoka kwa kishindo hata mama mmoja aliyekuwa anapita na debe la maji akalibwaga chini na kukimbia. Nilibaki nimeshika kichwa. Nilijua nimeshafukuzwa kabla ya saa nne asubuhi.

Fundi Mkuu hakunifukuza. Alikuwa mzee wa asili ya pwani, mwenye kofia nyeupe na tasbihi ambayo haikutoka mkononi. Aliniagiza kwanza nikamchotee yule mama maji mengine, nimpelekee mpaka kwake na kumwomba radhi. Niliporudi, shati limelowa, akanikalisha mbele ya mtambo.

Nieleze kidogo, kwa sababu vijana wa leo mnabonyeza tu na mambo yanakwenda. Gari letu la matangazo lilikuwa na njia tatu za sauti. Kulikuwa na redio, ya kupokea habari kutoka Dar es Salaam. Kulikuwa na santuri, yaani sahani za muziki, za kuita watu. Na kulikuwa na maikrofoni ya msemaji. Zote tatu ziliingia kwenye amplifaya moja, mtambo wa kukuza sauti, na kutoka kwenye honi mbili juu ya paa. Balaa ni kwamba hazikuwa na nguvu sawa. Redio ilinong'ona, santuri ilipayuka, na maikrofoni ilitegemea aliye mbele yake. Kila ulipobadili njia ilibidi mkono wa kushoto utangulie kupunguza sauti, wa kulia ubadili swichi, kisha wa kushoto upandishe taratibu huku umevaa spika za masikioni. Fundi Mkuu alichora mistari ya rangi ya kucha kuzunguka kishikio cha sauti, mmoja kwa kila njia. Lakini kwa maikrofoni, alisema, hakuna mstari. Hapo unamtazama mtu mdomoni.

Mimi ni Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, mama yangu Msangu, na tangu utotoni nina wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Kazi hii iliukuta wasiwasi wangu na kuulisha. Miaka mitatu nilizunguka na gari lile Iringa, Madibira, Mbeya, na kila mara kabla ya kubadili swichi niliutazama mstari mara mbili. Ila sikuunguruma tena. Wenzangu waliniita Bwana Taratibu, na nililipenda jina hilo ingawa walilitoa kwa kunicheka.

Mwaka wa nne likaja sanduku. Bwana Habari, afisa wa Kizungu aliyekuwa mkubwa wetu, alilileta mwenyewe akiwa amelipakata. Lilikuwa la chuma, la kijivu, na lilifungwa waya na lakiri, yaani muhuri wa madini ya risasi, ili asiyehusika asilifungue. Kazi yake ilikuwa kusawazisha sauti lenyewe. Sauti kubwa ikiingia, linaipunguza. Ndogo ikiingia, linaikuza. Ukitoka redioni kwenda kwenye santuri, anayesikiliza hastuki. Bwana Habari alitaka liende barazani mara moja, naye aandike ripoti. Akanitazama mimi. Mwisho wa mwezi ule jina langu lilikuwa lipelekwe kuthibitishwa kazini, na ripoti hiyohiyo ndiyo ingenibeba au kuniangusha. Wazazi wa mchumba wangu walikwisha kuuliza mara mbili kama kazi yangu ni ya kudumu.

Tulilijaribu kwenye gereji. Siwadanganyi, lilikuwa zuri mno. Redio, santuri, maikrofoni, redio tena, sauti ikitiririka sawasawa, na mikono yangu imelala mapajani haina kazi. Nilifurahi na kuogopa pamoja. Kisha Fundi Mkuu alinyamaza mbele ya maikrofoni ili awaze, na honi zikaanza kuvuma. Tukasikia saa ya ukutani ikigonga. Tukasikia punje za tasbihi yake, moja moja, zikilia mpaka barabarani. Watu walisimama kuangalia kunani.

Fundi Mkuu akaificha tasbihi mfukoni. Alisema mashine hii haina adabu, ikikuta mtu kanyamaza inakwenda kumchungulia. Na ndivyo lilivyokuwa. Sanduku halikujua kunyamaza ni nini. Kimya kwake kilikuwa sauti ndogo inayohitaji kukuzwa.

Nikamwendea Bwana Habari, nikamweleza kwamba mtu akinyamaza, sanduku linapaza vitu vya pembeni.

"Basi wasinyamaze," akasema, na kurudi kwenye karatasi zake.

Akaongeza amri, kwamba siku ya baraza nisiguse kishikio cha sauti hata kidogo.

Baraza lenyewe lilikuwa upande wa Ubaruku. Kulikuwa na mfereji mmoja wa kumwagilia mpunga na vijiji viwili. Wa kijiji cha juu waliushika mfereji, na msimu uliopita mzee wao aliufunga, mpunga wa watu wa chini ukakauka. Walipigana majembe. Mtu mmoja wa chini alipoteza jicho. Sasa walikubali kukutana mbele ya serikali, na mzee wa juu alikuwa atamke kama anaufungua mfereji au haufungui. Watu wa chini walikuja wengi, na sikumwona mwanamume aliyekuja bila fimbo.

Nilipopanga mitambo nikauliza mzee atasimama wapi, nimwekee maikrofoni. Wenyeji wakanishangaa. Mzee yule hasemi mbele ya watu. Desturi yake, na ya baba yake kabla yake, ilikuwa kukaa kwenye kigoda na kumnong'oneza Msemaji wake aliyesimama kando, naye Msemaji ndiye atamke kwa sauti. Mzee anaweza kunong'ona kwa hasira, hata kwa matusi, na Msemaji akatoa maneno ambayo watu wanaweza kurudi nayo nyumbani. Ndiyo kazi aliyopewa. Kila mtu pale alijua kwamba maneno mawili hayo hayafanani, na hakuna aliyetaka kuyasikia yote mawili.

Maikrofoni ingekaa mbele ya Msemaji, hatua moja kutoka mdomoni mwa mzee. Kila mara mzee atakapoinama kunong'ona, Msemaji atakuwa kimya, na sanduku litakwenda kuutafuta mnong'ono ule na kuupandisha juu ya paa. Kwa mtambo wa zamani ningepunguza sauti kila mara Msemaji anaponyamaza, jambo la kidole tu. Nikajaribu kuisogeza maikrofoni mbali. Bwana Habari, aliyekaa kwenye kiti cha turubai karibu na gari, daftari magotini, akaniamuru niirudishe.

Tukaanza na santuri. Kisha habari za redio. Sanduku likapita toka moja hadi nyingine kwa ulaini ambao mimi na mistari yangu ya rangi ya kucha hatukuuweza. Bwana Habari alitabasamu, akaandika. Ukaja wakati wa maikrofoni. Msemaji, mtu mrefu mwenye koti la zamani la askari, akawaamkia watu, akasema mzee wake amekuja na moyo mzuri. Sauti ikatoka safi. Halafu akanyamaza na kuinamisha sikio.

Nilisikia honi zikianza kuvuma. Mbuzi akalia nyuma ya nyumba, akasikika kana kwamba yuko juu ya gari. Mzee akakohoa, na kikohozi chake kikaenda mpaka ng'ambo ya mfereji. Watoto wakacheka. Yeye mwenyewe hakuelewa ni kikohozi chake, masikio yake yalikuwa yamechoka. Akainama. Kwenye honi likatoka neno moja la Kisangu, zito na kali, "Waambie," na fimbo za watu wa chini nikaziona zinahama kutoka bega hili kwenda mkono ule.

Nikachomoa waya wa honi.

Msinione shujaa. Sikukata kwa ujasiri, nilikata kwa woga, kama mtu anavyotoa mkono motoni. Honi zikafa. Lakini spika za masikioni nilizovaa zilikuwa bado zimeunganishwa na amplifaya, na lile sanduku, bila kuchoka, likaendelea kunikuzia mimi peke yangu mnong'ono wa mzee, neno kwa neno, katika lugha ya mama yangu.

"Waambie maji nawapa. Huyu Mzungu akiondoka na gari lake, naufunga. Safari hii wataondoka na watoto wao."

Msemaji aliinuka polepole. Hakuwahi kuchelewa hivyo, watu waliniambia baadaye. Alimtazama mzee wake, akautazama umati. Hakuwa na honi, akatumia kifua chake.

"Mzee anasema mfereji umefunguliwa. Anasema hataufunga yeye, wala mtoto wake, wala mtoto wa mtoto wake. Anasema mmesikia wote, na atakayeufunga amemvua mzee nguo mbele yenu."

Mzee aligeuza kichwa ghafla. Moyo wangu ulipiga ndani ya zile spika mpaka nikadhani nao umekuzwa. Angeweza kumkana. Lakini kumkana Msemaji ni kukiri hadharani kwamba alinong'ona kingine, na wanawake wa chini walikwisha kupiga vigelegele, vijana wao wameshaweka fimbo chini. Mzee akakaa. Kisha akaitikia kwa kichwa, mara moja tu.

Bwana Habari alikuwa ameshafika mlangoni pa gari. Uso ulikuwa mwekundu. Aliikagua lakiri, ilikuwa nzima. Aliukagua mtambo, taa zinawaka.

"Nani amekuruhusu kugusa?"

Nilikuwa na la kujibu. Ningeweza kumwambia nilichosikia, akaniandika mtu mwerevu. Kwa wajibu wake angemwendea mzee palepale na kumhoji, watu wa chini wangeuliza kunani, na ile ahadi ingekufa kabla jua halijapinda. Niliona jina langu linafutwa kwenye ile orodha. Nikamjibu kwamba waya umechomoka, bwana, kwa uzembe wangu. Akaandika hivyohivyo.

Nilipokuwa nakunja waya, Msemaji alikuja mpaka garini. Akaziangalia spika za masikioni zilizoninginia shingoni mwangu.

"Mwanangu, umesikia nini humo?"

"Upepo, mzee."

"Basi tutakaa na upepo huo mimi na wewe," akasema, akaenda zake.

Sikuthibitishwa. Nilihamishiwa Mbeya, kuchaji betri na kubeba honi za wengine, na wazazi wa mchumba wangu wakaningojesha miaka miwili. Fundi Mkuu alinipa mkono siku ya kuondoka. Aliniambia amelipima sanduku na waya zote na hakuona waya wa kuchomoka wenyewe, na kwamba hataniuliza.

Lakini msidhani niliumizwa na betri. Kilichonila ni mfereji. Mimi na Msemaji tulikuwa watu wawili tu tulioijua nia ya mzee, na kama angeufunga na watu wakauana, mimi ningekuwa nilijua na kunyamaza. Kila siku ya mapumziko nilishuka sokoni Mwanjelwa, nikawatafuta wauza mchele wa Ubaruku, nikawauliza mpunga unaendeleaje, maji yapo? Waliniona kichaa. Sinunui, nauliza maji. Mwaka wa kwanza yapo. Wa pili yapo. Wa tatu mzee akafariki, na nikaambiwa watu wa chini ndio waliobeba jeneza. Hata hapo sikutulia, nikauliza tena mwaka uliofuata.

Nilitumikia mitambo ya sauti mpaka nywele zikawa nyeupe. Masanduku ya kusawazisha yalikuja mengine, madogo na mazuri zaidi, na mwishowe yakawekwa ndani ya kila redio hata mtu asijue yamo. Siyachukii. Yamewaokolea akina mama madebe mengi ya maji. Ila kila nilipofundisha vijana, niliwataka kwanza wakae barazani siku nzima bila mtambo, wamtazame anayesema anaponyamaza. Walinung'unika sana.

Siku ya kuniaga kustaafu, mkuu wa ofisi alisoma jalada langu mbele ya watu. Sifa zilikuwa nyingi, nikaona haya. Halafu akafika kwenye ule ukurasa mmoja wa zamani, akausoma kwa utani: alikatiza sauti barazani kwa uzembe. Wakaangua kicheko. Akasema nina nafasi ya kujitetea, kwani hata mshtakiwa hupewa. Msemaji alikuwa bado hai, kipofu, akiishi kwa mtoto wa yule mzee; ningesema kweli, ningemvunja yeye na ile ahadi.

Nikasimama. Nikasema ni kweli, ulikuwa uzembe wangu. Wakacheka tena na kunipigia makofi.

Msemaji naye ameshazikwa, ndiyo maana leo nasema. Siku ile ya kuagwa nilirudi nyumbani mchana, mke wangu amepika wali. Nikamuuliza mchele wa wapi, kama nilivyomuuliza maisha yetu yote. Akasema wa Ubaruku, wa wapi mwingine, hebu kaa ule. Nikakaa, nikala sahani mbili.