Moshi Uliokunywa Maji

Ipo asubuhi moja, mwanangu, nikifumba macho tu inarudi. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, tumepanga Chapwa, mtaa wa Tunduma, mimba yangu ya kwanza imetimia. Tukaamka, Tunduma haipo. Foleni ya malori ya mpakani imeyeyuka, paa la jirani limeyeyuka, dunia yote nyeupe nami katikati, uchungu ukija na kuondoka. Nikadhani naota.

Mume wangu alikuwa Chitete kikazi, na baba yangu alikuwa ametoka Isongole kuja kukaa nami. Sisi watu wa milima ya Ileje tumezaliwa na ukungu; jua likipanda kidogo, unaondoka zake kama mgeni mstaarabu. Basi baba akavuta kigoda, akasema hakuna gari la kutembea kwenye ukungu ule, tungoje jua. Subira huvuta heri, alisema, na alisema kwa upendo, maskini baba yangu.

Hapo akatugongea mlango jirani yetu Mzee Shabani, mtu wa Kigoma aliyezeekea kwenye usukani, na pikapu yake. Alipitisha kidole kwenye kioo cha mbele, akamwonyesha baba tope la kahawia. Akamwonyesha na jua, jekundu kama nyanya.

"Mzee Kibona, ukungu wa kwenu hulipausha jua. Huu si ukungu, ni moshi uliokunywa maji. Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Na tumbo langu lile nilicheka, mwanangu, huku nalia.

Tulikwenda hospitali kwa taa za chini, vioo wazi, Mzee Shabani akisikiliza barabara kuliko kuitazama. Baadaye, nilipokuwa mwalimu wa sayansi, ndipo nilipomwelewa. Moshi wa mashamba yanayochomwa na wa malori ni chembe ndogo mno, nyingine zina chumvichumvi. Unyevu wa alfajiri ukizikuta, zinaunywa na kuvimba, na kila iliyovimba inakurudishia mwanga machoni. Ukiwasha taa kali umejijengea ukuta. Jua huzikausha kidogo, lakini zenyewe hubaki, mpaka upepo au mvua.

Mtoto alitoka kitovu kimemzunguka shingoni. Mkunga alisema tungekawia kidogo tungemkosa. Saa sita mchana baba alisimama dirishani amembeba, na nje bado kulikuwa kweupe. Alilia bila kujificha.

"Ningemngojesha jua mjukuu wangu," alisema, "mpaka afe."

Subira ni njema, mwanangu, sikukatazi. Ila kabla hujakaa kungoja, lijue jina la kinachokuziba macho. Kipo kinachoondoka na jua. Na kipo tulichokiwasha wenyewe, kwa viberiti vyetu na magari yetu, nacho hakiondoki kwa kutazamwa. Hicho kikikukuta, punguza taa, nenda polepole, lakini nenda.

Mungu akujalie macho ya kutofautisha. Na siku utakayokosea jina, akuletee mtu wa kukugongea mlango mapema.