Ng'ombe Mweupe wa Ng'ambo ya Tana

Siku niliyojiaibisha mbele ya wanawake wauza maziwa wa Garsen sikuwa mlevi wala mjinga. Nilikuwa mtaalamu, na huo ndio ubaya wenyewe.

Mimi ni daktari wa falaki, na kazi yangu ni kupima umbali wa mawingu yanamozaliwa nyota, kwenye mikono iliyojipinda ya galaksi yetu: unalitazama wingu leo, unalitazama tena dunia ikiwa upande wa pili wa jua, na kadiri linavyoonekana kuhama sana mbele ya vilivyo mbali zaidi, ndivyo lilivyo karibu. (Si uchawi. Nyosha kidole, funga jicho moja, kisha jingine, utakiona kikihama.)

Basi nilikuwa likizoni ukweni, mto Tana umejaa, na wanawake wa ng'ambo wamechangia kamba ya kuvutia mtumbwi usisombwe na mkondo, ili maziwa yafike sokoni kabla ya kuchachuka. Maro, kaka wa mke wangu na mwenye mtumbwi, akaniambia, "Shemeji, nivuke mara moja na hii kamba kuukuu, tupime, tumalize."

"Ya nini kuhangaika?" nikamjibu, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Nilichagua alama ng'ambo, ng'ombe mweupe aliyekuwa akila majani ukingoni, nikapima pembe ya kumtazamia kutoka niliposimama, nikatembea taratibu kuelekea juu ya mto, nikampima tena, nikampa Maro jibu lenye desimali mbili, naye (kwa heshima ya ukwe) akaenda kukatiwa kamba.

Siku ya kuvuka nilishika ncha moja mwenyewe, nyingine imefungwa ukingoni nyuma yetu, nimesimama mtumbwini na suruali iliyopigwa pasi, wanawake wakipiga vigelegele ng'ambo kando ya vibuyu vyao. Tukiwa karibu kabisa kufika, kamba ikaisha, ikakaza, mtumbwi ukaendelea bila mimi, nikajikuta nimeketi matopeni, maji kifuani, ncha bado mkononi.

"Daktari," akauliza Mama Halako, mfugaji, "wewe ulipimia nini?"

"Yule ng'ombe mweupe."

"Wangu yule! Tangu azaliwe hajasimama pahali pamoja!" Akawageukia wenzake. "Na nyota zake, si nazo zatembea?"

Zatembea, naam. Ndilo somo ninalowafundisha wanafunzi wangu kila mwaka: nyota ina mwendo wake, nawe una wako, usipoitenganisha umepotea. Mimi nilipanda mto, ng'ombe akateremka, nikaona amehama sana, nikadhani yuko karibu, na kamba ikakatwa fupi.

"Maziwa yangoja, shemeji," akasema Maro, akaiunga kamba kuukuu kwenye mpya, na maziwa yakavuka kabla jua halijakaza.

Fundo lile lipo hadi leo. Kila mkono unaovuta mtumbwi hulipapasa, na wote huliita fundo la daktari.

Ukiniuliza umbali wa wingu lolote la nyota, nitakujibu bila kusita. Ukiniuliza upana wa mto, nitamwita Maro.