Kiarabu cha Mlango wa Jikoni

Mwanaidi Hasani alikuwa na pointi nne za kidato cha sita, na chuo kikuu kilitaka pointi nne. Haikubaki hata moja ya kumgawia jirani. Alikuwa na C ya Kiswahili na E ya Historia, na hiyo E yenyewe aliipata, kwa maneno yake, kwa sababu msahihishaji alikuwa mtu mwenye huruma, mwenye watoto wake. Umri wake miaka arobaini na minne. Siku ya kuhakiki vyeti, mlinzi wa getini alimwelekeza kwenye turubai la wazazi, naye akaenda bila kubisha, akakaa na wazazi wenzake nusu saa nzima akinywa maji ya bure, mpaka binti yake Salma alipompigia simu kuuliza foleni imefikia wapi.

Ndivyo alivyo. Ukitaka kumcheka Mwanaidi itabidi uwahi, maana mwenyewe atakutangulia. Anyesi, Mgogo anayeuza naye chai na chapati pale Ihumwa karibu na reli, amelalamika mara nyingi.

"Wewe Mrangi, unajisema mwenyewe asubuhi mpaka jioni. Sisi watani wako tutasema nini?"

Alizaliwa kijijini Busi, akamaliza darasa la saba, akaolewa, akaachika, akabaki na Salma mgongoni. Mtoto alipofika miaka mitano alimwacha kwa bibi yake, akaenda Maskati kufanya kazi za ndani katika nyumba ya watu wanane. Akakaa miaka minane. Alirudi na sanduku moja, kiuno kinachouma na Kiarabu kinachomtoka kama maji ya bomba. Akiungua na mafuta ya chapati hulalamika kwa Kiarabu, na Anyesi anadai kwamba hata kukoroma anakoroma Kiarabu.

Wengine wangeishia hapo. Mwanaidi akajiandikisha mtihani wa maarifa, akafanya kidato cha nne, akafanya cha sita, yote kama mtahiniwa wa kujitegemea, daftari juu ya debe la unga. Ilimchukua miaka sita na mitihani miwili ya kurudia. Anyesi alipomuuliza hiyo digrii ya Kiarabu ni ya nini kwa mtu ambaye lugha hiyo anaijua tayari, alijibu huku akisukuma chapati.

"Kiarabu nimekiingia kwa mlango wa jikoni, Anyesi. Nataka nizunguke mbele, nibishe hodi, nifunguliwe."

Anyesi akasubiri kicheko. Kicheko hakikuja, ndipo alipojua kwamba mwenzake hatanii.

Sasa kukawa na sharti moja, na Salma ndiye aliyelisoma kwenye simu. Mwombaji asiye na Kiarabu cha kidato cha sita angefanya mtihani wa kupangiwa ngazi, wa kuandika na wa kuzungumza, wastani usiopungua hamsini. Atakayepungukiwa atahamishiwa programu nyingine yenye nafasi.

"Programu gani?" akauliza Mwanaidi.

"Mwaka jana wengi walipelekwa takwimu, mama."

"Takwimu! Mimi? Hiyo nchi itajikuta ina watu wengi kuliko waliozaliwa!" Alicheka sana, halafu usiku ule chakula chake akamsukumia Salma.

Mtihani wa kuandika ulimpiga kofi la wazi. Kusoma Kiarabu alijifunzia madrasa ya Busi akiwa mdogo, kwa sauti na kwa kuyumba, kila herufi imevaa alama zake. Karatasi ya chuo ilikuwa habari ya gazeti kuhusu bei ya vitunguu, herufi tupu zisizo na alama hata moja. Akaanza kuisoma kwa njia pekee aliyoijua. Hakujua kwamba sauti imetoka, wala kwamba anayumba, mpaka alipoona vijana wa mstari wa mbele wamegeuka, na mmoja wao ameinamisha kichwa kwa heshima. Bei ya vitunguu ilikuwa inasomwa kwa mahadhi ya kumtoa mtu machozi. Msimamizi akamwomba apunguze.

Matokeo yalibandikwa asubuhi iliyofuata. Thelathini na nne kati ya mia. Salma akakokotoa upesi: ili wastani ufike hamsini, kwenye mazungumzo apate sitini na sita.

"Angalau hesabu umeifanya wewe," Mwanaidi akasema. "Ningeifanya mimi ningeshakuwa nimefaulu."

Chumba cha mazungumzo kilikuwa na meza moja na walimu wawili. Dakta Khalidi alikuwa kijana ambaye Mwanaidi angeweza kumzaa, na aliinuka akamwamkia shikamoo kabla ya yote. Dakta Hamida alikuwa mtu mzima, amejifunga mtandio wa kijivu, kalamu mkononi, haongei. Kuanzia hapo, akasema Dakta Khalidi, ni Kiarabu tupu.

"Tuigize kidogo, mama. Mimi ni mgeni, nakuja nyumbani kwako. Nipokee."

Akatoka nje, akabisha hodi. Mwanaidi akaruka kama aliyeshtuliwa kwa kengele. Akamfungulia, akamkaribisha kwa maneno marefu na matamu, akamuuliza hali ya wazazi, safari na afya, akampokea mkoba, akamsogezea kiti. Kiarabu chake hakikugota hata mara moja. Halafu akarudi nyuma hatua nne, akasimama kando ya mlango, mikono ameikutanisha tumboni, macho chini.

Dakta Khalidi akangoja. Mwanaidi naye akangoja.

"Mbona umesimama?" akauliza kijana.

"Nasubiri bibi atoke."

"Bibi gani? Nyumba ni yako!"

Mwanaidi akaangalia alipo. Alikuwa ameambiwa awe mwenye nyumba, na miguu yake imempeleka ilikozoea kwenda. Akajipiga paji la uso. Akawaambia, kwa Kiarabu hicho hicho, kwamba wamsamehe, yeye hata ndotoni akialikwa harusini hujikuta anaosha vyombo. Dakta Khalidi akacheka mpaka miwani ikashuka puani. Dakta Hamida akaandika kitu.

"Basi tugeuze. Wewe ndiye bibi wa nyumba. Mimi ndiye nimekuletea chai."

Hapo ndipo alipokosa breki. Aliketi, akaipokea ile chai ya kuwaziwa, akainusa, akaitazama kama panya aliyekufa. Hii ni chai au maji ya kuloweka miguu? Nani amekufundisha kumimina hivi? Kwa nini kikombe cha wageni? Na zulia, zulia umelitoa juani? Nimekwambia mara ngapi? Yalla, unasubiri nini! Kila neno lilimtoka kwa sauti ya yule bibi wa Maskati, pua juu, vidole vikipunga hewani. Dakta Khalidi, mwenye shahada tatu, alijikuta amesimama wima na ameshika kikombe cha hewa kwa mikono miwili.

"Samahani," akasema.

"Samahani haisafishi zulia!"

Hata Dakta Hamida alitabasamu. Mwanaidi akajua mambo si mabaya, akaanza hata kujivuna kidogo, jambo asilolizoea. Ndipo Dakta Hamida akaweka kalamu chini, akamwuliza kwa mara ya kwanza, taratibu, swali la mtoto wa chekechea.

"Na wewe, Mwanaidi? Wewe unataka nini?"

Mwanaidi akafungua mdomo. Kimya. Alijua kuuliza unataka chai, baba anataka kuoga, wageni wanataka wali wa namna gani. Swali hilo aliliuliza miaka minane, alfajiri mpaka usiku, kwa watu wanane. Katika lugha ile hakuna hata mmoja aliyewahi kumrudishia. Akatafuta mzaha wa kujiokoa, mzaha nao akaukosa. Aliona haya, na haya ikageuka hofu, maana kimya kile kilikuwa kinakula alama zake.

"Mama, ukikwama sema tu, tunaendelea," akasema Dakta Khalidi.

Mle ndani Maskati alikuwamo mtu mmoja tu aliyekuwa akisema "mimi nataka" kutwa nzima bila kuona haya, naye ni kitindamimba wa nyumba, Fahadi, ambaye Mwanaidi alimpokea akiwa na siku arobaini na kumwacha ana miaka saba, amemng'ang'ania sketi. Basi akachukua sauti ya Fahadi, kwa kuwa nyingine hakuwa nayo. Akakunja ngumi zote mbili, akapiga mguu sakafuni, midomo mbele, sauti imepanda mpaka dari.

"Nataka! Nataka kusoma! Nataka sasa hivi! Takwimu sitaki, sitaki, sitaki!"

Huko nje Salma, aliyekuwa akimsubiri, aliisikia, akaziba uso kwa mikono. Dakta Khalidi alilala juu ya meza kwa kucheka, na Mwanaidi, kwa mazoea, akajiandaa kucheka naye.

Dakta Hamida hakucheka. Aliandika sabini kwenye fomu, akaigeuza ili Mwanaidi aione, akasubiri mpaka ameisoma mara mbili na kuelewa kwamba amepita. Kisha akaikunja, akaiweka kando.

"Sasa sema tena," akamwambia. "Bila mguu. Hii haina alama."

Mwanaidi akashusha mikono. Halafu akasema tena, nataka kusoma, kwa Kiarabu, kwa sauti ndogo iliyokwama katikati kwa machozi, na haikuwa ya bibi wala ya Fahadi.