Ua la Chumbani kwa Mama

Karani wa telegramu hakumtilia mama yake sumu. Hilo lieleweke kwanza, maana mtaani limezungushwa miaka kumi na mmoja, hadi wasiomjua mama wala mwana wamelipokea kama habari iliyothibitishwa. Alichomnunulia mama yake ni ua la kuweka chumbani. Ubaya wote ulitoka kwenye kikaratasi kidogo kuliko kiganja.

Alikuwa mtu wa dirisha namba mbili pale posta. Watu walilipia telegramu kwa idadi ya maneno, naye kwa kuwaonea huruma aliwafundisha kupunguza. Mtu akileta "Baba wa mkeo anaumwa, njoo kabla ya Jumanne," alipitisha kalamu, ikabaki BABA MKEO ANAUMWA NJOO KABLA JUMANNE. "Hivyo vijineno vya katikati," alisema, "msomaji atavijaza mwenyewe." Baada ya miaka ishirini na sita, hata nyumbani aliandika hivyo hivyo. Mkewe, mwalimu wa sarufi, aliwahi kusimama na orodha yake ya dukani mkononi.

"SABUNI MIGUU. Sabuni ya miguu, au miguu ya sabuni?"

"Si umeileta? Basi ulielewa."

Mama yake alipolazwa kwa ajili ya kifua, daktari alisema ataruhusiwa Ijumaa, ila kitandani hatatoka tena. Mama hakulia. Alilalamikia tu chumba chake cha nyumbani, kwa kuwa dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani.

"Mwanangu, ule mlango wa kabati nimeshausoma wote. Niwekee kitu kinachoishi."

Daktari alikubali, mradi kisiwe na harufu. Karani akatoa kalamu asije akasahau: UA MAMA CHUMBANI BILA HARUFU KABLA IJUMAA. Akakitia kikaratasi mfukoni mwa shati.

Alhamisi alitoka kazini mapema akaenda kwenye kitalu cha maua. Muuzaji, mama mnene mwenye udongo hadi kwenye viwiko, alimpokea kwa mzaha.

"Ua la chumbani? Chukua asumini, baba. Mama watoto hatakununia mwezi mzima."

"Ni la mama yangu. Kifua chake hakitaki harufu."

"Haya, nisamehe, ulimi wangu hauna breki. Basi hili hapa, majani yamesimama wima kama mapanga. Halisumbui."

"Atadhani nimemwekea mlinzi."

Muuzaji akacheka. Akamwonyesha kangaga, karani akagusa vijani vyake akaona vikavu nchani. Akamwonyesha mshubiri, karani akasema mama yake ameunywa sana utotoni kwa tumbo, hatapenda kuutazama. Mwishowe muuzaji akainua chungu chenye mmea unaotambaa, majani mapana yenye umbo la moyo.

"Huu kivuli hauuogopi. Na unakua upesi, unauona kwa macho."

"Mtu aliyelala anaweza kuuona ukikua?"

Yule mama aliacha kucheka. "Anaweza, baba," alisema. "Tazama hapa, kuna jani limejikunja bado. Mwambie alingojee hili."

Ijumaa mama aliukuta juu ya kabati, kamba yake ya kijani ikining'inia mbele ya ule mlango. Siku ya saba jani likafunguka. Alimwita mwanawe kwa kugonga ukuta, akamwambia, kwa pumzi iliyokuwa ikikatika, "Limetoka, umeliona? Halina hata kovu." Siku ya kumi, Jumapili asubuhi, alifariki.

Siku ya tatu ya msiba dobi alileta mashati. Alikuwa mtu mwaminifu, hakutupa hata tiketi iliyosahaulika mfukoni, na kile kikaratasi alimkabidhi dada mkubwa wa karani aliyekuwa amekaa mlangoni. Dada akakisoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya waombolezaji.

"Ua. Mama. Chumbani. Bila harufu. Kabla Ijumaa."

Karani akaja mbio kutoka ndani. "Ua la mama, dada! Lile pale juu ya kabati. Ua la mama!"

"Hapa hapana 'la'."

"Siandiki 'la'. Unanijua."

Mkewe akaingilia kati. "Wifi, 'ua' hapo ni nomino."

"Na mama yangu hapo ni nani, kitenzi?"

Waliokuwepo waliinamisha vichwa, wengine kwa huzuni, wengine wapate kunong'ona vizuri. Mmoja aliuliza kwa nini basi kabla ya Ijumaa, wakati marehemu amefariki Jumapili. Akajibiwa kwamba karani alichelewa.

Dada akakunja kikaratasi. "Sema tu hukumuua. Sema mbele ya watu hawa, yaishe."

Karani alimtazama. Huyu ndiye aliyembeba yeye mgongoni utotoni, mama yao alipokuwa akienda kibaruani. "Wewe ndiye unayeniuliza, dada?" alisema. "Wengine ningewajibu. Wewe sikujibu."

Dada alichukua mkoba wake akaondoka, na nyumbani pale hakukanyaga tena.

Posta wateja walihamia dirisha namba moja. Wenye utani walimwambia, "Karani, nipunguzie maneno, ila usiniulie mtu," naye alicheka nao, kisha akirudi nyumbani alikaa kwenye kitanda cha mama yake na viatu miguuni mpaka aitwe kula. Mara tatu mkewe alimsihi aende kwa dada yake. Mara tatu alivaa shati safi, akafika kona ya duka la viatu, akarudi. Ule mmea ulizunguka chumba kizima. Hakuukata, wala hakuruhusu ukatwe.

Moyo ulimsimama mwaka huu, akiwa na miaka hamsini na tisa. Dada alikuja mazikoni, amezeeka, ameshikwa mkono. Watu walipotawanyika alimsogelea wifi yake.

"Aliniachia neno?"

Aliliacha. Alilisema chumbani wiki ya mwisho, akili zake zikiwa timamu, akamwambia mkewe alitunze. Wifi yake alimwambia dada kwamba neno lipo, na kwamba hatapewa. Alilia sana. Hakupewa. Wala hapa halitaandikwa.