Mkono wa Kushoto wa Bibi wa Misheni

Tik, tik, tik: Lupe, kiongozi wa kwaya yetu hapa Vava'u, visiwani Tonga, bado anaisikia ile pete ya ndoa ikigonga vitufe vya kinanda. Vidole vya bibi wa misheni, mpiga kinanda wetu, vilikuwa vimevimba, pete haivuliki tena. Kabla ya mazoezi alivipasha kwenye bakuli la maji moto, huku akiwaita wote "wanangu", hata wazee wa sauti ya besi wenye mvi kumzidi. Wiki moja kabla ya Krismasi, mkono wa kushoto ukagoma kabisa. Nguo nyeupe za kwaya zilikuwa zimeshashonwa.

Mumewe hakujua noti hata moja. Lakini sisi Watonga huandika nyimbo kwa namba ubaoni, na namba mzee alizijua. Jioni sita mfululizo alikaa kushoto kwa mkewe, akibonyeza namba za besi kwa kidole kimoja kimoja.

"Babu, hiyo ni tano, siyo sita! Unatuzamisha!" besi walimpigia kelele.

"Basi ogeleeni," alijibu, asigeuke.

Asubuhi ya Krismasi waliketi benchi moja, mkono wa kulia wa bibi, wa kushoto wa babu. Kwaya ikapaa mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Wimbo wa mwisho ulirudiwa mara tatu, hakuna aliyetaka kukaa. Katikati ya ngurumo hiyo Lupe akasikia tik, tik, tik. Ilikuwa pete ya mzee. Bibi akamwinamia sikioni, akanong'ona, "Ile tano umeipata, mume wangu."