Jina Nililolikwangua kwa Wembe

Dada yangu mpaka leo anasema ilikuwa malaria. Sikuwa na malaria. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimefua nguo, nimekula sombe, majani ya mihogo, sahani nzima, nikatoka mtaani kwetu Cimpunda kwa miguu yangu mpaka kazini Nguba, kando ya ziwa. Mgonjwa wa malaria anapanda na kushuka milima vile? Basi nisikilize kwanza, halafu ndiyo useme.

Ni miaka ile ya Zaïre, wakati tulianza kuitana citoyen na citoyenne, yaani raia. Nilikuwa sekreteri katika nyumba moja ya Kanisa iliyotengeneza vitabu vidogo vya watu wa kawaida. Tulikuwa na kazi tatu: kitabu cha afya ya mama na mtoto, kitabu cha kilimo, na gazeti la kila mwezi lenye barua za wasomaji. Barua nyingi zilikuwa za watu waliopoteza ndugu zao miaka ya vita. Fulani anamtafuta fulani, walipotezana njia ya Kavumu, mwenye kumjua alete habari.

Maneno yote tuliyochapa yaliandikwa juu ya kadi, mengi kwa mashine, machache kwa kalamu, na kila kazi ilikuwa na sanduku lake. Kadi zilikuwa na matundu pembeni, na kila tundu lilikuwa na maana yake: hili la mwanamke, hili la Cimpunda, hili la mtoto aliyepotea. Kama kadi ilihusu jambo hilo, tulikata tundu lake likawa wazi hadi ukingoni. Ukitaka kutafuta, unapanga kadi pamoja, unapitisha sindano ndefu kama ya kufuma katika lile tundu, unanyanyua, unatikisa. Zinazohusika zinaanguka mezani. Zingine zinabaki zinaning'inia. Nilipenda kazi ile, niamini. Nilikuwa na mkono mwepesi.

Ndipo ikaja amri ya serikali juu ya majina. Joseph, Marie, Jeanne, yote yatoke, watu waitwe majina ya mababu. Padiri, mkubwa wetu, hakufurahi, lakini aliogopa serikali isije ikafunga nyumba yetu. Akaniambia, “Pita kadi zote, masanduku yote. Kwangua jina la zamani, andika jipya. Lakini kila jina unalotoa uliandike katika daftari hili, tusije tukapoteza watu.”

Nilifanya hivyo siku ya kwanza. Na ya pili. Siku ya tatu kulikuwa na ndoa ya binamu yangu, nilitaka kutoka mapema. Kadi zilizobaki nilizikwangua kwa wembe haraka haraka, nikaandika majina yaliyonijia kichwani, na daftari sikuligusa. Nikajiambia nitalijaza Jumatatu. Jumatatu nilikumbuka majina gani? Hata moja.

Ikapita miezi mitano.

Jumamosi moja, kama saa kumi za jioni, nilikuwa peke yangu biro, ofisini kwetu. Mvua ilikuwa inapiga mabati, ziwa halionekani. Nilifunga mlango kwa komeo kwa sababu upepo ulikuwa unaingiza maji. Nikainama kuandika. Nilipoinua kichwa, mwanamke alikuwa amesimama mbele ya meza yangu.

Alikuwa mtu mzima, kitenge cha kijani kimefifia, kitambaa kichwani. Miguu yake ilikuwa na matope mekundu mpaka magotini. Nilidhani nimesahau komeo. Nikamwambia, “Maman, karibu, ikala.” Hakukaa.

“Mwanangu, unitafutie karatasi yangu.”

“Karatasi gani, Maman?”

“Ile ya kutafuta mutoto wangu.”

“Jina lako nani?”

Alifungua mdomo. Niliona midomo yake ikitembea, niliona ulimi, niliona koo linapanda na kushuka. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, kwa nguvu, mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hakuna kitu. Mvua tu juu ya mabati. Halafu akasema, na sasa sauti ikatoka vizuri kabisa:

“Unaona? Haiko tena.”

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya kile mikono yangu ilichojua. Nilichukua sanduku la barua, nikapanga kadi, nikapitisha sindano tundu la wanawake. Zilianguka nyingi. Nikazipanga tena, tundu la Cimpunda. Zikaanguka chache. Tundu la mtoto aliyepotea: zikaanguka nne. Nikamsomea moja moja. Kila moja alitikisa kichwa.

“Haimo, Maman.”

“Tafuta mu masanduku yote.”

Nilitaka kumwambia kwamba barua haziwezi kuwa katika kilimo. Lakini nilikumbuka ile siku ya tatu na haraka yangu, nilivyonakili barua za gazeti na kurudisha kadi sanduku lolote. Nikafungua sanduku la afya: hakuna iliyoanguka. Nikafungua la kilimo. Nikatikisa sindano, ikaanguka kadi moja, peke yake, kati ya maneno ya mihogo na mbolea. Juu yake, majina yakiwa kwa mwandiko wangu: *Nabintu, wa Cimpunda, anamtafuta mwana wake Bahati, walipotezana njia ya Kavumu.*

“Huyo si mimi,” akasema. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. “Na mutoto wangu haitwi vile. Atanijua namna gani?”

Chini ya wino wangu hapakuonekana kitu, wembe ulikuwa umekula yote. Lakini mashine ya kuandika inapiga kwa nguvu, inaacha uvimbe nyuma ya karatasi, na wembe haukufika kule. Nikageuza kadi, nikapitisha kidole. Herufi zilikuwa kinyume. Nilizisoma kama kipofu, moja moja, jasho linatoka. V. E. N. E.

“Veneranda,” nikasema kwa sauti.

“Mimi huyu!” akaitika, kama mtu aliyeitwa kutoka nyumba ya jirani.

Nikapapasa mstari wa pili: Déogratias. Nikachukua kalamu, nikayaandika majina yote mawili juu ya kadi. Nilipomaliza, meza ilikuwa haina mtu mbele yake. Hapakuwa na tone la matope sakafuni. Na komeo lilikuwa limefungwa, kama nilivyolifunga.

Jumatatu nilimwonyesha Padiri kadi. Papa Mushagalusa, aliyeendesha mashine ya kuchapa kule nyuma, alisikia jina akaweka chini kikombe chake.

“Veneranda? Alikuwa anakuja kwangu kila mwezi, kwa mulango ya nyuma, kuuliza kama kuna jibu. Hakujua kusoma. Ni jirani alimuandikia.”

“Anakuja mpaka sasa?” nikauliza.

“Mwanangu, ule mama alikufa. Udongo ulishuka na nyumba yake, hii mvua ya juzi juzi. Hata mwezi haijaisha.”

Padiri akachapa barua ile gazetini pamoja na majina yake ya kweli. Watu wa zone, serikali ya pale mjini, walimwita, wakamtisha, akarudi kazini.

Kiangazi akaja kijana mmoja kutoka Uvira, fundi wa magari, mafuta meusi kwenye kucha. Alikuwa ameshika gazeti letu.

“Mimi ndiye Déogratias. Maman iko wapi?”

Nilimwambia. Hakulia. Alikunja gazeti mara mbili, mara nne, akasema polepole, “Hii gazeti nilikuwa nasoma kila mwezi. Hata mbele ya mvua niliona barua ya njia ya Kavumu. Lakini mama ilikuwa Nabintu, mutoto ilikuwa Bahati. Watu wengi walipotezana ile njia. Nikageuza ukurasa.”

Mbele ya mvua, kabla haijanyesha. Wakati ule Veneranda alikuwa hai, anashuka kila mwezi kwa miguu kuuliza jibu.

Nilimsindikiza mpaka kwenye kaburi la mama yake. Njia nzima sikuweza kumwambia ni mkono wa nani uliobadilisha majina. Mpaka leo hajui.

Kadi zingine nilizipapasa zote, usiku na mchana. Kuna sita ambazo mgongo wake ulikuwa laini, ziliandikwa kwa kalamu, hazikuacha alama. Hao sita sijui walikuwa nani. Nikiwa kwenye foleni ya soko Kadutu, au kanisani wakati watu wanapeana amani, mtu anasimama mbele yangu, anafungua mdomo, na mimi sisikii kitu. Nimeombewa. Nimekunywa dawa za dada yangu. Bado.

Kwa hiyo wewe unayeshika karatasi za watu, kazini au parokiani, usiharakishe. Siku wakikuambia ufute jina la mtu, hata kwa amri, hata jina dogo, litamke kwanza kwa sauti. Halafu nyamaza kidogo, usikilize kama kuna mtu anaitika.